Maji Nlopima Siyo Yenye Mwani

Dada yangu Mize,

Nimekukosea. Nnalitanguliza hilo kabla ya salamu, maana nkianza na salamu ntajificha humo humo. Shikamoo dada. Mama mguu umempoa? Shemeji na watoto wazima? Mimi hapa Maskati mzima wa mwili tu. Barua nampa jirani anaekuja huko kesho, kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Unakumbuka ule mradi ulonipa kipimajoto, nipime maji ya mashamba yenu ya mwani kila bamvua, jua la mchana, maji yakishatoka? Siku ya kwanza nlikwenda. Nyote mmeinama na vijiti vyenu, mwanamme peke yangu. Narudi, barazani wanaume wenzangu wananingoja: "Haji, ushakuwa mwanamwani? Kanga umeiacha wapi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Toka siku ile sikukanyaga tena shambani kwenu. Nkawa nachukua mtumbwi, napima mkondoni, maji marefu, wanakopita wanaume. Namba sikuzitunga, dada. Lakini zilikuwa za maji ya baridi, na mwani wenu uko kwenye maji yanayounguza miguu.

Wewe ulisema mwani unaoza kwa joto. Bwana wa mradi akakujibu mbele ya kikundi kizima: "Bi Mize, ndugu yako mwenyewe kapima, maji hayana kitu. Nyinyi mwani hamuusafishi." Ukanitazama. Nkatazama chini. Boti na kamba mlizoomba za kupandia maji marefu mkanyimwa, na wewe uenyekiti wa kikundi ukavuliwa.

Sasa kaja mtaalamu mwengine, bibi asiekubali namba ya mtu mpaka apime mwenyewe. Kaweka kipimo chake katikati ya mwani, kakuta maji ya moto. Wa mradi wanamwambia chombo chake kibovu, wao wana namba zangu za miaka. Kaniandikia kwenye simu: "Bwana Haji, ulikuwa unapima wapi khasa?" Sijamjibu. Kuja mwenyewe siwezi, paspoti kaifungia tajiri wangu wa kazi mpaka mkataba uishe. Na hapa kazini, likitajwa tu joto la dunia, mwenzangu mmoja hudakia: "Porojo! Haji kapima bahari ya kwao, baridi tele." Nlomhadithia ni mimi, tena nkijisifu.

Nkisema, wataniita muongo, na nnaogopa wasije wakazitupa hata namba za wengine wa vijiji vyengine walopima sawa. Nkinyamaza, mwani unaoza na nyinyi mnaitwa wavivu.

Nisalimie mama, na mjomba wetu wa Nungwi. Mke wangu nshamwambia yote, kanuna.

Ijumaa ijayo, nkitoka msikitini tu, nampigia yule bibi. Ntamuomba awe bandani kwenu kwa mwani, simu aiweke spika, kikundi kizima kiwepo na bwana wa mradi aitwe. Ntasema nlipima mkondoni, na kwamba nlilikimbia shamba kwa kuona haya kuinama pamoja na wanawake. Nawe, dada, ukae mbele usikie.

Ndugu yako,
Haji