Chai Ambayo Hukuionja

Kadutu, Bukavu
Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mudogo Chadia,

Assalam aleikum, wewe na Djamila na kila anayelala nanyi chini ya paa moja. Kabla ya lolote nauliza afya: mgongo wako, macho yako, na kile kikohozi kilichokushika hapa kila msimu wa mvua, je, kilibaki Bukavu ao kilivuka ziwa pamoja na wewe? Sisi tupo. Mama yangu, mke mwenzako, ana miaka sabini na sita na bado anachambua maharagi yake mwenyewe. Mimi nina hamsini na mbili, na habari ya afya yangu ndiyo barua yenyewe.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka ishirini na mbili na miezi tisa. Akili, mchuuzi anayeleta ndagala, ninyi huko mnaita dagaa, kutoka Kigoma, ndiye aliyeniambia kwamba sokoni kule kuna mama anayeuza unga wa muhogo, na akisikia mtu akisema "muzee" kwa ile "mu" yetu ya Bukavu, anageuka kutazama. Nikamuuliza jina. Alipolitaja nilikaa chini.

Sikutaka simu. Simu ya familia yetu ni mdomo wa watu wote. Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp chenye watu thelathini na mmoja, sasa wako thelathini. Aliyetoka ni mimi, na sirudi.

Unanikumbuka nikiwa msichana wa vitenge sita juu ya mkeka wa plastiki. Leo nina duka lenye rafu tano. Ile ya juu iko sentimita mia mbili na nne kutoka sakafuni, niliipima mwenyewe na nikaipigilia mwenyewe. Hakuna mjomba aliyeniletea hata msumari. Nakuambia hivi ili uelewe kwamba kwangu mimi mkono usioinuka si ugonjwa tu, ni duka kufungwa.

Mwezi wa kumi mwaka uliopita mkono wa kuume ulianza kukataa. Kwanza ni maumivu nikiulalia. Kisha nikashindwa kufunga kitenge kwa nyuma, kisha kuchana nywele. Kufika mwezi wa kwanza nilikuwa nikisimama kuswali, nainua mikono kwa takbira, wa kushoto unafika sikioni, wa kuume unaishia kifuani. Niliswali hivyo miezi minne. Aliye juu ndiye anajua aliihesabu vipi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, ao tuseme la lugha yetu. Kwenye kituo cha afya waliniuliza ninaumwa wapi, nikasema mukono. Sisi watu wa hapa, mukono ni kila kitu kuanzia shingoni mpaka kwenye kucha. Na kweli maumivu niliyasikia katikati ya mkono wa juu, pale watoto wanapodungwa chanjo, wala si begani. Basi wakapiga picha ya kiwiko. Kiwiko kizuri, hakina kosa. Wakanidunga sindano tano za maumivu kwa siku tano. Siku tano nililala vizuri, ya sita nikaamka na mkono uleule.

Kosa la pili, nilikwenda kwa mchuaji. Mara tatu alinipaka mafuta na kunivuta kwa nguvu mpaka machozi. Mlangoni mwa duka nilikuwa ninachora mistari ya chaki, kila Ijumaa, kwa mita yangu ya vitambaa, kuona vidole vinafika wapi. Kabla ya mchuaji, sentimita mia moja thelathini na mbili. Baada yake, mia moja kumi na nane. Nikamuaga.

Kosa la tatu ndilo lililoleta vita. Niliandika kwenye kikundi cha familia: mukono yangu inakufa. Nilimaanisha ganzi. Wao walisikia kufa. Siku ya pili Tonton Latifu, mdogo wake Baba, akaniita kwake. Unaikumbuka ile saluni yake, sebule yenye viti vya kijani. Viti ni vilevile. Nilikuta watu kumi na wawili wamekaa, na nyuso zimeshakata hukumu.

Walisema ni karuho. Sumu ya kumla mtu polepole, wanasema inaanza na kiungo kimoja halafu inashuka moyoni. Walishapata mganga upande wa Kalehe, nikanywe dawa nitapike. Na mtu wa kushtaki walishampata: Colombe, jirani yangu wa duka, anayeuza viatu, ambaye kila asubuhi ananimiminia chai kutoka thermos yake. Binti wa Kikatoliki, mama wa watoto wanne, hana ubaya hata na mende.

Tonton Latifu akainama mbele, akaniuliza kwa upole, kama wakati ule:

"Binti ya Feruzi, ile chai, anaonjaka mbele yako ao hapana?"

Mama Mudogo, niliposikia swali lile bega liliacha kuuma. Nilisikia kitu kingine. Nilisimama nikaondoka bila kujibu, na nyuma yangu akatupa neno kwamba nangoja kuzikwa ndipo niamini.

Aliyenipeleka kwa kiné, mtu wa mazoezi ya viungo, ni Colombe huyohuyo. Nilimuambia wanavyomsema, akalia kidogo, akajifuta, akasema twende, mume wa dada yake anafanya kazi hospitalini, jina lake Bienfait, kazi yake ni viungo vya watu.

Bienfait aliniambia niinue mkono. Ukaishia palepale. Akaniambia nilegee, akauinua yeye. Ukaishia palepale. Akasema jibu amelipata: kama ni mshipa tu umechoka ao umechanika, mara nyingi mtu mwingine akiubeba mkono, unapanda. Huu haupandi kwa yeyote, maana ule mfuko unaozunguka kiungo cha bega umekuwa mnene na kujikaza. Kwa Kifaransa una jina refu ambalo nimeliandika kwenye daftari. Kwetu aliniambia hivi: "Maman, bega yako haikufa. Iliganda tu. Na kitu ya kuganda inayeyukaka."

Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza kwa miezi saba, si nesi, si mchuaji, si watu kumi na wawili wa saluni. Akauliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikamjibu lita nne na nusu. Akacheka, akasema wagonjwa wake wote wanasema "mingi", mimi wa kwanza kumpa na nusu. Kisha akaacha kucheka, akanituma maabara nirudi asubuhi bila kula kitu.

Sukari ya damu ilikuwa mia mbili arubaini na moja. Mpaka wao ni mia moja ishirini na sita.

Daktari wa pale hospitalini alinieleza taratibu. Si kila bega lililoganda ni la sukari, lingine linaganda baada ya kuanguka, lingine bila sababu ya kujulikana. Lakini wenye sukari linawapata kuliko wengine, na wanawake wa umri wangu zaidi. Sindano ya begani alisita kunipa, maana dawa ile inaweza kupandisha sukari. Kwanza tushushe sukari, alisema, kwa vidonge viwili kila siku na kubadilisha chakula.

Nikabaki kwenye benchi la nje na karatasi mkononi, nikaanza hesabu nyingine. Hesabu ya Baba.

Mkono wake wa kushoto haukuinuka mwaka ule wa kifo chake, wewe ndiye uliyekuwa unamvika koti. Bidoni yake ya maji ya kunywa, ya lita tano, ilikwisha kabla ya magharibi. Suruali ya saizi arubaini na mbili ikaanguka, tukanunua ya thelathini na sita. Kidonda cha mguu kilikaa wiki kumi na moja bila kufunga. Nilimuuliza Mama kama nakumbuka vibaya. Akasema nakumbuka vizuri, bidoni ilikuwa ya njano, na wewe ndiye uliyekuwa unaijaza. Hakuna aliyempima Baba hata tone moja la damu. Siwezi kuapa ilikuwa sukari, aliyezikwa hapimwi. Lakini naweza kuapa kwamba sisi hatukupima kitu, tulimtafuta mtu.

Na mtu waliyempata, nilimtoa mimi.

Miaka yote, kwa desturi ya nyumba zetu, ulionja chai mbele ya Baba ndipo ukampa. Ilikuwa Ramadhani. Yeye hakufunga kwa ajili ya ugonjwa, wewe ulifunga. Alasiri ile ulimimina, ukampa, akanywa. Mimi nilikuwa pale mlangoni. Siku ya tisa akafariki. Tonton Latifu akaniuliza kama ulionja, nikajibu: "Hapana, hakuonja." Ilikuwa kweli. Nilibakisha maneno mawili tu: alikuwa amefunga. Tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya saluni ileile, wote tumefunga, midomo mikavu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu aliyefunga hanywi chai. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sikuwa mtoto. Kwa jibu langu wakasema wewe ndiye uliyemtilia Baba karuho, na kesho yake ukaondoka na Djamila mgongoni.

Sikuombi useme si kitu. Ni kitu. Nataka tu ujue kwamba yale maneno mawili nimeyasema sasa, na nimeyasema palepale yalipokosekana.

Mwezi wa sita niliwaita mimi mwenyewe, saluni ileile. Nilikwenda na Colombe na thermos yake. Akamimina kikombe changu, na Tonton Latifu akanyoosha kidole, akasema aonje kwanza.

Nikamwambia: "Hapana, Tonton. Leo hakuna wa kuonja." Nikanywa mpaka chini.

Kisha nikaweka karatasi ya maabara mezani na kuwasomea namba, nikawaambia kuhusu bidoni, suruali, kidonda. Nikamalizia na wewe. Nikamuuliza: "Siku ile Mama Mudogo alikuwa amefunga. Na wewe ulikuwa umefunga. Nani angeonja?"

Alisema hayo ni mambo ya zamani. Nikamjibu ni ya zamani kwake, lakini Djamila aliondoka na miaka mitatu na leo anakaribia ishirini na sita bila kulijua kaburi la baba yake. Hapo wengine wakaanza kutazama sakafu. Shauri la Kalehe halikutajwa tena, na Colombe alitoka mle akitembea wima. Msamaha Tonton hakuomba, sikudanganyi. Lakini nilipokuwa nikisema aliagiza maji ya kunywa mara tatu. Nilihesabu. Nilimuachia anwani ya maabara mezani.

Upande wa bega naendelea. Asubuhi na jioni naweka kitambaa cha maji ya moto dakika kumi. Nainama, nauning'iniza mkono, nauzungusha kama ndoo kwenye kamba. Nashika kitenge kwa nyuma kwa mikono miwili, wa kushoto unauvuta wa kuume. Kisha vidole vinapanda ukuta polepole, bila kulazimisha. Bienfait anasema inaweza kuchukua mwaka, miwili, hata mitatu. Nilimwambia mimi nimepanga mwezi wa tatu mwakani. Ijumaa iliyopita chaki ilifika sentimita mia moja sabini na moja. Zimebaki thelathini na tatu kufika rafu ya juu. Na kwenye takbira mikono yote miwili sasa inafika masikioni.

Sasa mambo mawili, na haya si ya kungoja. La kwanza: Djamila ni damu ya Feruzi kama mimi. Mpeleke apimwe sukari, asubuhi, kabla hajala, hata kama anajisikia mzima. Nawe upime. Kama mkono wake ao wako unakataa kupanda, msikubali kuvutwa, na msiseme mukono, onyesheni bega.

La pili: usije ukakaa peke yako ukafikiri ni vile vijiko vinne vya sukari ulivyomtilia Baba kwenye chai. Nilimuuliza daktari swali hilo kwa ajili yako. Alisema ugonjwa huu hautoki kwenye kikombe kimoja wala kwa mkono wa anayekimimina. Nimekuandikia kama alivyosema.

Nyumba ninayokaa ni yangu, niliijenga, jina la familia haliko kwenye karatasi yake. Vyumba ni vinne, kimoja nimekitoa magunia na kukipaka chokaa. Mama anakusalimu. Aliniambia niandike kwamba siku ile alinyamaza, na kwamba kunyamaza kule kumemzeesha kuliko miaka. Colombe anakusalimu bila kukujua. Msalimie Djamila, mwambie ana dada. Msalimie na jirani yeyote aliyekufungulia mlango mlipofika Kigoma na mtoto mmoja na bila mzigo, sijui jina lake lakini nina deni naye la heshima.

Mungu akulinde na maneno ya watu, akupe miguu ya kurudi ukitaka, na moyo mtulivu usipotaka.

Ukija, nitaomba kitu kimoja tu. Uingie jikoni kwangu, upike chai, unimiminie. Watakuwepo watakaotazama. Nami nitakunywa wa kwanza, wewe hujaigusa.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda kwa kuchelewa,

Mwamvua binti Feruzi