Emurwa Kando ya Kaburi la Mama

Kwa Nyamweya,
S.L.P. 47,
Kebirigo.
4 Mei 2025

Mpendwa wifi Gesare,

Bwana asifiwe huko Uingereza. Mgongo umepata nafuu? Na baridi je, bado inakung'ang'ania? Sisi tu wazima. Mume wangu Nyamweya anakohoa kidogo tu, na chai imechipua vizuri.

Sasa nikupe habari za kaka yako Haron, na usiniambie nimheshimu shemeji. Heshima yangu imeisha.

Unalikumbuka lile shimo la murram chini ya boma, ambalo yeye mwenyewe aliwakaribisha watu wa barabara walichimbe? Walibeba murram yao wakaenda zao, wakatuachia mteremko mwekundu usio na hata unyasi. Kila mvua ikinyesha ukingo unamomonyoka, na sasa umefika karibu na kaburi la Mama yenu.

Mwaka jana bwana mkubwa, kwa vile siku hizi ni mwenyekiti wa kikundi cha mazingira, alileta nyasi za bustani kutoka Kisii mjini, zimekunjwa kama mikeka. Akazitandika juu ya murram tupu! Akapigwa picha na tai yake shingoni. Mvua ya kwanza ikazibeba zote hadi mtoni. Mtu mzima na akili zake! Hata kuku wangu wanajua nyasi hazili mawe.

Mimi niliona kitu. Pale ukingoni ninapotupa magugu ya shamba la chai, emurwa ilikuwa imejishikia yenyewe. Ndiyo ile sangari tunayoing'oa mpaka kucha zinauma. Nikachukua mizizi yake nikaichomeka mteremko mzima, na samadi kidogo. Jirani yetu Esnah alicheka mpaka akakaa chini. Nani hupanda emurwa? Lakini kufikia Machi kulikuwa kijani, na udongo umetulia.

Basi Sabato moja tukiwa kanisani, Haron, mzee wa kanisa mzima, akaleta vibarua wakaing'oa na kuichoma! Eti wageni wa kikundi wanakuja kesho yake na hawezi kuwaonyesha magugu. Nililia kwa hasira. Wageni wakaja, wakala kuku wangu, wakampigia makofi kwa usafi, wakaenda. Wiki hiyohiyo mvua ikashuka, ukingo ukakatika, msalaba wa Mama ukainama.

Unajua alisema nini? "Persis, hayo ni mapenzi ya Mungu." Mungu ndiye aliyekodi vibarua? Mwanamume ovyo! Hata Nyamweya, mpole yule, alimwonyesha njia ya kutokea bomani.

Shukuru kwamba vibarua wake ni wavivu kama yeye, mizizi mingi ilibaki ardhini. Nimechomeka tena, na safari hii Esnah alileta emurwa ya shamba lake, kikapu kichwani, bila kucheka. Tumeunyoosha msalaba.

Tafadhali mpigie Haron simu. Wewe ni dada mkubwa, anakuogopa. Mwambie anayeigusa emurwa ile anamgusa Mama. Mama aliilaani maisha yake yote kila aliponyoosha mgongo shambani, na leo ndiyo inayomshika asituporomokee.

Nyamweya na Esnah wanakusalimu. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe nyumbani mzima. Mbusu binti yako Natasha, umwambie nyanya yake bado yuko pale alipomwacha.

Wako akupendaye,
Persis