Dengu Si Ndengu

Jumatatu, 12 Mei
Taveta. Faili tano kabla ya chai. Vitunguu, vitunguu tena, viatu vya plastiki, mbao. Ya tano ni dengu, magunia mia mbili kutoka ng'ambo, hati imeandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Nikajaza ndengu kwenye fomu, nikaweka namba yake ya ushuru, nikatuma. Miaka kumi na moja ya kupitishia watu mizigo forodhani. Naweza kuifanya kazi hii nikiwa nimelala, na nadhani leo nilikuwa nimelala.

Dereva wa dengu ni Mwadime, mtu wa Chawia. Mpole. Baba yake hajiwezi, hospitali wamemrudisha nyumbani, hakuna tena la kufanya. Anataka kushusha mzigo Voi kesho kisha apande mlimani kumwona. Nimemwambia kesho saa nne atakuwa ametoka.

Jumanne, 13 Mei
Lori limezuiwa.

Mkaguzi alichoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota nafaka bila gunia kufunguliwa. Akanimwagia kiganjani. Punje za kahawia, zenye kipembe. "Madam Mumbua, ndengu zako ziliiva sana?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Kwetu Ukambani ndengu ni zile ndogo za kijani. Ng'ambo ya mpaka hizo za kijani ni choroko, na dengu ni hizi kubwa za kusaga unga wa bajia. Kiswahili ni kimoja, mpaka umepita katikati yake. Kila mtu Taveta anajua. Mimi pia najua. Sikusoma, basi.

Fomu inasema hivi, gunia linasema vile. Kwa sheria hilo ni tamko la uongo. Lori halitoki mpaka ajenti aandike barua ya kukiri kosa. Ukurasa mmoja. Mkaguzi amesema nikiileta leo, anasaini leo.

Lakini Machi nilikosea uzito wa mabati, nikaandika barua kama hiyo. Bosi akasema nikiandika ya pili niondoke nayo. Nina miaka arobaini na sita. Kazi nyingine siijui.

Nimemwambia Mwadime sistimu iko chini.

Jumatano, 14 Mei
Nimempigia mwenye mzigo, yuko Moshi. Nimemwomba abadilishe hati yake, aandike choroko. "Dada, nikiandika choroko, dengu zitageuka?" Aliuliza kwa adabu kabisa. Nikakata simu.

Mwadime anashinda kivulini mwa lori. Hawezi kuliacha, mzigo uko kwa jina lake, akiondoka anahesabiwa mtoro. Simu yake anaichaji ofisini kwetu. Leo imelia mezani kwangu, dada yake anapiga. Nikampelekea mbio. Wakaongea Kidawida, sikuambulia kitu. Alipomaliza alikuwa anacheka, macho yamejaa maji. Baba yake ameambiwa Mwadime amezuiwa na sistimu. Mzee akauliza huyo Sistimu ni mtu wa wapi, apelekewe ombi lake, kwamba mzee wa Chawia anamwomba amwachilie mwanawe.

"Imerudi, dada?"

Nikasema bado. Akanipa pole, eti naonekana nimechoka.

Najichukia. Na bado nimekula wali na maharagwe nikamaliza sahani.

Alhamisi, 15 Mei
Asubuhi Mama Rehema kapiga simu, jirani yangu wa Kaloleni, ananiangalizia nyumba nikiwa huku. Mfereji wa nyuma unavuja. Nikampa habari ya dengu kama kichekesho. Habari ya Mwadime nikaimeza. Hakucheka. "Nyinyi watu wa bara pojo mwaziita ndengu, haya, tushawazoea. Barua ushaandika?" Nikasema bado. "Waogopani? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nikaandika saa tano. Mistari sita. Robo saa tu! Siku mbili nilikuwa naikimbia robo saa. Mkaguzi akasaini bila kuniangalia. Ikabaki foleni ya kubadilisha fomu, foleni ya mhuri. Lori likatoka saa tisa alasiri. Mwadime alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Saa kumi na moja amepiga akiwa Mwatate. Mzee amefariki saa saba.

Ijumaa, 16 Mei
Faili nane. Nimesoma kila neno la kila hati, mara mbili. Sasa ndiyo nasoma.

Bosi amepata nakala ya barua. Nimalize mwezi niende. Nilidhani nitalia. Nimeuliza funguo nimwachie nani.

Jumamosi, 24 Mei
Chawia. Ukungu mpaka saa sita, baridi, udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vyangu vya mjini. Watu wengi. Mzee alipendwa.

Mwadime alinipeleka kwa mama yake. "Mama, huyu ndiye madam alinipigania huko mpakani." Mama akanishika, akaniuliza kama nimekula. Nikaletewa chakula kabla ya watu waliotangulia.

Baada ya maziko nikamtafuta Mwadime. Alikuwa anakunja viti vya kukodi. Nikamwambia yote. Kwamba sistimu haikuwa chini hata dakika moja. Kwamba kosa ni langu na barua ilikuwa ya kuandikwa na mimi.

Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, ningeweza kuandika siku gani.

Nikasema Jumanne.

Akaitikia kwa kichwa. Akabeba viti viwili, akateremka navyo hadi kwenye gari la mwenye hema. Nikachukua viwili, nikamfuata. Hakunikataza, wala hakugeuka. Tulibeba mpaka viti vikaisha.