Mita Kumi Nilizokuficha

Baba Bhoke,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kuanza neno lolote kwako bila hiyo, na leo siwezi kuanza vingine.

Ile roboti yetu ya njano imepatikana chini ya ziwa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ungeniambia, "Karani, acha kuzunguka, sema kilichokuleta." Imepatikana Jumanne asubuhi, imeviringishwa na nyavu kuukuu kama mtoto wa mgongoni. Taa moja imevunjika. Ndani yake samaki wadogo, furu, walikuwa wameshafanya makazi. Walitoka mmoja mmoja tulipoinyanyua, na wenzetu wa kwenye boti wakasema wapangaji wamefukuzwa bila notisi. Nilicheka nao, kisha nikashindwa kuendelea.

Lakini jinsi ilivyopatikana ndilo jambo ninaloogopa kukuandikia.

Unaikumbuka siku ile ziwani, nje ya Mwisenge. Ulikuwa mbele ya skrini, rimoti mkononi, ukiiongoza roboti kwenye mawe kutafuta mazalia ya sato. Mshika kebo alikuwa mgonjwa, ukanichukua mimi wa masjala, kwa kuwa najua kuhesabu na sauti yangu inasikika. Ulinifundisha tukiwa tunaondoka ufukweni: kila mita tano ya kebo ina utepe mwekundu. Utepe ukipita mkononi, taja namba, kisha sema "nimeshika." Rubani, yaani mwenye rimoti, haendi mbele mpaka asikie neno hilo. Ulisema hata kwenye meli ya utafiti uliyofanyia kazi baharini, ambako roboti ilishuka saa mbili nzima kabla ya kugusa tope, utaratibu ulikuwa huo huo.

"Mimi huku naonaga ukijani tu," ulisema. "Macho yangu mengine ni wewe."

Sikukuambia kwamba naogopa maji. Mimi ni mtu wa Kabasa, Bunda. Ziwa nimelizoea kwa kulitazama kwa mbali. Tulipofika mita thelathini ilipita boti ya mizigo, wimbi likatuinua, na mimi nikafumba macho. Kebo iliendelea kupita mkononi. Niliuhisi utepe mmoja, kisha wa pili. Nilipofumbua macho, aibu ilinizidi nguvu, nikasema, "Thelathini, nimeshika."

Ilikuwa arobaini.

Kebo iliyozidi ililala chini ikanasa kwenye nyavu zilizotelekezwa. Ulipojaribu kuirudisha roboti, kebo ilikaza, ikakatika, na skrini ikawa nyeusi. Ulikaa unaitazama. Halafu ukasema, "Pale katikati sauti yako ilipotea. Nilisikia, na bado nikaendelea. Andika kosa la rubani."

Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Na kwenye nafasi ya urefu wa kebo nikaandika thelathini.

Hukuniuliza namba. Ungeniuliza ningekuambia. Au nisingekuambia, sijui. Wiki nzima ulizunguka na boti ukiburuta ndoano ndani ya duara la mita thelathini, kwa sababu karatasi yangu ilisema hivyo. Nilikuletea chai ufukweni, ukainywa umesimama, na lile neno moja, arobaini, likanishinda kulisema.

Kisha wakakutoa kwenye mitambo, wakakupa meza pembeni ya yangu. Miezi mitatu. Hukuninunia hata siku moja. Ulikuwa unawaambia wageni, "Huyu karani wetu anaogopa maji mpaka ya kwenye jagi." Kumbe ulijua. Halafu presha ikakuchukua. Mama Bhoke anasema ulikuwa nayo miaka mingi. Ananiambia hivyo kwa wema tu, hajui kwa nini namuuliza kila nikimpigia.

Mwezi uliopita ilikuja roboti mpya. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti akaniita, akasema, "Ile ripoti ya zamani ichape upya, jina libaki. Wanafunzi waone rubani asipokuwa makini inakuwaje." Nikakaa mbele ya kompyuta. Nikachapa jina lako, nikalifuta. Nikalichapa tena. Mkataba wangu unaisha karibuni, Baba Bhoke, na unajua nyumbani wananitegemea. Niliinuka mara mbili kwenda chooni. Mara ya tatu nikapita choo, nikagonga mlango wa mkuu.

Nilisema yote nimesimama. Mkuu aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta pasipo penyewe," alisema. "Na yule mzee ukamwacha aburute ndoano wiki nzima."

"Ndiyo, mkuu."

"Basi kaandike barua yako ya onyo. Masjala si ya kwako?"

Nikaichapa mwenyewe, nikaipa namba ya kumbukumbu, akaisaini, nikaiweka kwenye faili langu. Hata koma moja nilirudi kuirekebisha. Kuhusu mkataba hajasema kitu.

Jumanne tulikwenda pale pale. Mkuu akaninyooshea kebo. Rubani mpya, Magesa, akauliza, "Huyu?" Mkuu akajibu, "Huyu huyu." Wimbi lilikuja, Baba Bhoke, kubwa kuliko la siku ile. Machozi yalinitoka lakini macho sikuyafumba. Thelathini, nimeshika. Thelathini na tano, nimeshika. Tulipokaribia arobaini Magesa akasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenziwe, "Naona kitu cha njano."

Ilikuwa nje kidogo tu ya duara lako. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Kidogo tu.

Jumamosi nakuja nyumbani kwako Butiama na ripoti iliyosahihishwa. Imeandikwa kosa la mshika kebo, na jina ni langu. Nitamsomea kwanza Mama Bhoke, ambaye namwogopa kuliko mkuu. Akinifukuza, nitaondoka. Akiniruhusu, nitakuja kuisoma pale ulipolala, pamoja na ile namba.

Siwezi kukurudishia ile wiki. Ninachokuahidi ni hiki: kila atakayeshika kebo baada yangu atasikia habari hii kutoka kinywani mwangu, na atajua kwamba ukifumba macho, unasema umefumba. Na mimi nikiogopa, nitasema naogopa, papo hapo, kabla utepe wa pili haujapita.

Pumzika sasa, Baba Bhoke. Arobaini. Nimeshika.

Karani wako