Mtani Aliyenivunja Mguu Ndiye Huyo Mbele Yako

Kambi ya wakata miwa, Turiani
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Bibi, mchumba wangu,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku umenuna, maana nilisema nitakuja kukulimia na sijaja. Habari za kifua? Kile kikohozi cha baridi ya asubuhi kimekuacha, au bado unakilea kama mjukuu? Na goti? Mimi mzima wa kichwa, tumbo na mdomo. Najua pia shamba la mtelemko halijaguswa, mvua zinakaribia, na Mjomba kasema lisipolimwa safari hii atampa mwingine wa ukoo mwenye nguvu zake. Habari zote ninazo. Mguu wangu wa kulia ndio uliochelewesha kila kitu, na kisa chake nataka kisomwe kwa sauti. Simu ningepiga, lakini wewe simu unaifokea kisha unaikata.

Zaituni mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Soma taratibu, usiruke mstari hata ukicheka. Huyo aliyeileta barua, Hamduni, akae palepale karibu na jiko, upande wa moshi. Akisema anatoka nje mara moja, mwambie mvua inanyesha.

Bibi, mtazame vizuri. Meno meupe, masikio kama madishi ya televisheni. Amekusalimia kwa adabu, siyo? Amepiga na magoti? Huyo ndiye aliyenivunja mguu. Na kwa kuwa ni mtani wetu, wa ukoo ule wa ng'ambo ya mto, ndiyo maana mpaka leo meno yake yote anayo.

Wewe mwenyewe ulinifundisha: mtani hapigwi, mtani hapelekwi polisi, mtani hanuniwi. Akizidisha, anapelekwa kwa bibi wa nyumba aliyoikosea, amhukumu, na hukumu hiyo haina rufaa. Basi nimekuletea. Nilimwambia, "Mashtaka yako utayabeba mwenyewe mpaka mlimani." Akanijibu, "Andika unavyotaka, kilema wee. Bibi yako ananipenda kuliko wewe." Haya, Bibi, tutaona unampenda nani.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimetoka kukata miwa, na usiniulize nani anaongoza kambi nzima kwa kukata, naona aibu kujisifu, ni mimi. Nikaoga, nikavaa raba nyeupe na suruali iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Naenda zangu kuangalia mpira. Sasa kutoka kambini kwetu kuna mfereji, na juu ya mfereji kuna ubao mmoja tunaovukia. Nikamwona Hamduni na genge lake wamekaa ng'ambo, kimya, kama watoto waliolamba sukari ya mgeni. Hapo ndipo ningeshtuka. Watani hawanyamazi bure. Kumbe ubao wote kaupaka sabuni ya mche, kaulowesha, unateleza kuliko kambale.

Nikaukanyaga kwa madaha. Bibi, niliruka juu nikaliona jua, nikashuka nikaliona tope. Wakacheka mpaka wengine wakalala chini. "Mtu wa mlimani anajifunza kuogelea!" Hamduni anapiga makofi. Nikataka kuinuka nimpake tope usoni. Nikaona mimi natazama Mtibwa, unyayo wangu unatazama Kilosa. Hapo vicheko vikakatika.

Hospitali wakanipiga picha, mfupa wa muundi umevunjika. Wakanifunga hogo, ndiyo lile plasta jeupe linalokauka likawa gumu kama ukuta, kuanzia chini ya goti. Vidole tu vikabaki nje vinachungulia. Nesi wa hapo ni mama wa makamo, sauti yake ya kuitia mbuzi waliovuka bonde. Akanisimamia kichwani.

"Kijana, sikiliza. Siku hizi za mwanzo mguu utavimba, na hogo halitanuki. Kwa hiyo utalala, mguu uwe juu kuliko moyo. Vidole uvichezeshe kila mara. Vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakiishinda dawa, usingoje kukuche, uje. Maji yasiingie. Na usichokonoe kijiti humo ndani hata kukiwasha vipi."

"Moyo wangu uko juu sana, nesi," nikamwambia. "Mguu utaufikia kweli?"

"Usipoufikisha wewe, utaletwa kwangu ukatwe," akasema, wala hakutabasamu.

Tukarudi kambini na kisasi changu kikaanza siku hiyohiyo. Chumba chetu hakina mto hata mmoja. Nikatangaza kwamba mguu wangu unataka kulalia godoro la Hamduni. Wakubwa wa kambi wakasema ni haki. Likakunjwa mara tatu, likawekwa chini ya hogo, mwenyewe akalala kwenye mkeka anahesabu mbavu zake. Sijapata usingizi mtamu kama ule tangu uniachishe ziwa la mama. Nikiamka nachezesha vidole mbele ya pua yake. "Kidole gumba kinakusalimu, mtani. Hiki cha pili kina kiu, kiletee maji." Akaleta. Akapika, akafua, akanipepea nzi. Uvimbe ukatulia, vidole vikawa na rangi ya mwenyewe. Ningebaki pale pale, ningekuwa jumbe.

Lakini watani nao hawakubali kushindwa. Siku ya tatu wakasema mtu anayelala mguu juu mchana kutwa, hapiki, hachoti maji, huyo si mgonjwa, ni maiti. Na maiti ya kwetu anaizika nani? Si watani? Wakaniinua na kitanda changu cha kamba, godoro likaanguka huko, wakanizungusha kambi nzima. Hamduni mbele, kajitanda khanga ya mama ntilie, analia kwa sauti nyembamba: "Jamani kafa kijana wa watu! Kafa hajamaliza kuringa!" Wakahutubia kwamba marehemu alikuwa mlafi. Wakasema marehemu alikuwa wa mwisho kwa kukata miwa, uongo mtupu, andikeni hapo. Na mimi, Bibi, nilinogewa. Nikainua kichwa nikawaambia, "Ubwabwa wa msiba wangu uwe na nyama!" Nani anakataa kuusikia msiba wake akiwa hai?

Wakaniketisha kivulini kwenye benchi, mguu unaning'inia, hotuba zikaendelea. Kila mmoja na lake. Kivuli kikahama nasi tukahama nacho. Nikaanza kusikia hogo linanikaba, kama mtu ananivisha kiatu cha mtoto kwa nguvu. Nikameza dawa, wapi. Nikatazama chini. Vidole vimevimba, vinang'aa, rangi ya bilinganya.

"Jamani," nikasema, "nipelekeni hospitali."

Wakaanguka kwa kicheko. "Marehemu anataka hospitali! Siku zote alikuwa wapi?"

"Sitanii! Vidole sivisikii!"

Hamduni akajifunika khanga usoni akalia, "Maiti gani husikia vidole, jamani?" Watu hoi. Mama ntilie mwiko ukamdondoka.

Kila nilipopiga kelele ndipo walipocheka zaidi, maana ndivyo utani wa msiba ulivyo, maiti akisema watu wanafurahi. Bibi, nililia. Mimi niliyetoka jandoni bila chozi, nililia mbele ya mama ntilie na wapita njia, na huyo aliyekaa hapo karibu na jiko akalipigia makofi chozi langu. Mfereji nimemsamehe. Mfereji ni utani, mimi nami niliwahi kumpakia pilipili kwenye taulo, akakimbia uchi hadi bombani. Lakini lile chozi simsamehi. Zaituni, rudia hapo. Lile chozi simsamehi.

Mwishoni nikaishiwa nguvu, nikanyamaza. Nadhani ndicho kilichomshtua Hamduni, maana hajawahi kuniona nimenyamaza. Akaja akanishika kidole gumba. Akakiachia haraka kama kashika nyoka.

"Kimepoa," akasema. "Jamani, kimepoa kama samaki wa kwenye friji. Huyu mtu hatanii."

Akaitupa ile khanga akakimbilia barabarani, akarudi na bajaji. Njia nzima nimelala kiti cha nyuma, mguu juu ya bega lake, hogo limetokeza nje watu wanakwepa. Kila tukiruka shimo namtukana yeye na ukoo wake, jina kwa jina, na yeye anaitikia, "Ndiyo. Tukana, mtani. Usinyamaze tu."

Nesi alikuwa yule yule. Hakuuliza swali, alivigusa vidole, akaita msumeno. Wakalipasua hogo ubavu huu na ubavu huu, wakakata mpaka pamba na bandeji ya ndani, wakaliachanisha. Damu ikaanza kurudi. Bibi, damu ikirudi kwenye mguu uliokufa ganzi haiji na salamu, inakuja na sindano na pilipili. Nesi akamgeukia Hamduni.

"Wewe ndugu yake?"

"Mimi mtani wake."

"Basi, mtani, mngesimama njiani mnywe chai, ungerudi nyumbani umembebea mguu kwenye mfuko."

Hamduni akakaa chini, sakafuni, palepale penye maji ya dawa. Sikumwambia ainuke.

Wakanilaza mguu ukiwa juu hadi uvimbe ukaisha, ndipo wakanifunga hogo jipya. Sasa vidole vinacheza, isipokuwa kile kidogo, bado kizembe kama mwenyewe alivyokuwa shuleni. Na nimekuwa daktari wa hogo kambi nzima. Akifika mtu kaanguka, namwambia inua juu, chezesha, usichokonoe, ukiona bilinganya kimbia. Wananiheshimu. Lakini daktari huyu hawezi kushika jembe mpaka mvua zitakapokuwa zimeshika, na wewe huwezi kungoja.

Ndiyo sababu sikumtuma mtu mwingine yeyote na barua hii.

Bibi, naomba umfunge kwenye shamba lako. Alilime lote peke yake, kuanzia kwenye kijito hadi kwenye migomba, kwa jembe la mkono. Matuta yakinge mtelemko vizuri kama ulivyonifundisha, na tuta likikaa kizembe alivunje aanze upya. Alale kwenye mkeka, godoro lake ninalo mimi na nalilalia. Mjomba apite kila siku amwone akilima, ajue shamba lina mwenyewe. Akisema mgongo unauma, Zaituni acheke. Acheke kwa nguvu, akiwa amekaa kivulini, na awaite majirani waje wacheke naye. Akisema kweli hatanii, wazidishe.

Atajitetea kwamba alinibeba. Ni kweli alinibeba, nimeandika mwenyewe na limesomwa, sijaficha. Nesi alisema asingekuwa yeye leo nisingekuwa na mguu. Nami nasema asingekuwa yeye nisingeuvunja. Hesabu hiyo nilishindwa kuimaliza, ndiyo maana nimeileta kwako.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na ninanenepa upande mmoja. Msalimie Mjomba, shikamoo yake, na umwambie mguu upo. Mwalimu wetu wa madrasa naye, kwamba Ijumaa sasa naswali nimekaa, asinichape. Shangazi muuza ndizi pale njiapanda, mwambie asimkopeshe Hamduni hata ndizi moja. Na mbuzi, kama amezaa, mwana asipewe jina kabla sijafika.

Chakula mpe, Bibi, tena mpe ashibe, mwenye njaa halimi mpaka mwisho. Ila ukimwona jioni amekaa kwenye tuta anatazama mikono yake iliyochubuka, kimya, na wewe moyo ukaanza kulegea, ingia ndani ufunge mlango. Kazi ya kumhurumia niachie mimi. Na mimi bado sijaanza.

Ni mimi, mchumba wako mwenye mguu mmoja na nusu,
Sadiki