Elektroni Isiyo na Ukubwa

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefundisha asubuhi, kisha tasnifu mpaka jioni. Ijumaa naitetea. Msimamizi wangu amepiga simu. Swali moja tu: "Umeandika kwamba elektroni ni nukta. Una hakika?" Akakata. Nimekasirika. Amekuwa akiisoma sentensi hiyo muda wote, anauliza leo!

Jumanne, 7 Oktoba
Macho yanauma. Katika milinganyo elektroni ni nukta kweli: haina kipenyo, haina sehemu za ndani. Vipimo navyo havijaona ukubwa wowote. Lakini ukiibana kwenye nafasi ndogo mno, nishati unayotumia inatosha kuzaa elektroni nyingine pamoja na pacha wake wa chaji chanya. Hujui tena uliyokuwa ukiibana ni ipi. Nukta gani hiyo? Naogopa. Sura nzima imesimama juu ya neno hilo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeunguza maharagwe. Mama ameacha cherehani, akaja jikoni. Nikamweleza.
"Sasa kitu hakina ukubwa, iko namna gani?"
Nikalia kama mtoto.
"Bon. Lia kwanza. Kisha ukule."
Nikala.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeelewa. Nilikuwa natembea kando ya ziwa kwenda shule, nikasimama katikati ya njia, watu wakanikwepa.
Picha yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilifikiria gololi, nikaipunguza, nikaipunguza, mpaka ikabaki nukta. Hakuna gololi. Kuna uga, kama ule wa sumaku, umeenea kila mahali, na elektroni ni mtikisiko wake. "Nukta" inaeleza tu namna uga huo unavyokutana na mwanga: mahali pamoja, bila muundo wa ndani. Haisemi kuna punje imekaa pale.
Nimeandika upya kurasa zote za mwanzo wa sura. Bado namwogopa mtahini. Anakuja kesho kutoka Goma. Wanasema hacheki.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefaulu.
Hakucheka, kweli. Aliacha mengine yote, akauliza: "Basi, ni nukta au si nukta?"
Nikasema: "Hatujaona sehemu zozote ndani yake, na nadharia haihitaji iwe nazo. Kwa maana hiyo ni nukta. Lakini si punje. Na kipimo kikali zaidi kikionyesha ukubwa siku moja, sura yangu itabidi ifutwe."
Msimamizi anatazama dirisha. Nikajua nimekwisha.
"Donc, yaani unajua ujuzi wako unaishia wapi," mtahini akasema. "Mi natosheka."
Mama alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cha sikukuu. Alinikumbatia mbele ya wote. Nafuu iliyoje!

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeamka jua limeshapanda. Nimefua. Tumenunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, Mama amezikaanga, tumekula nje tukitazama wapita njia. Hatukuzungumza sana. Mchana nimelala tena.