Ufunguo wa Choo

Jumatano jioni

Eti tunywe maji! Kapita wetu, msimamizi wa ujenzi, katusimamisha juani nusu saa nzima, yeye chini ya mwavuli, akituhubiria jinsi joto linavyoua watu kazini. Mdomo tu.

Saa saba Mama Keza, mwenzangu wa kubeba kokoto, akaanguka. Nikammwagia maji kichwani na kumgombeza kwa sauti, ili kapita asikie: jerikani limejaa, mbona hunywi?

Kapita akadakia, "Hawa wanawake ni wavivu hata wa kunywa maji."

Mama Keza akafungua macho. "Maji iko, shefu. Nikikunywa, nitakojoa wapi?"

Pale Kinyinya tunapojenga choo ni kimoja, kina kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa kapita tangu tuanze msingi. Wanaume wanamaliza haja nyuma ya matofali. Anasema choo ni cha wageni. Wageni gani? Sijaona hata mmoja. Na lile jinga likapapasa ufunguo wake kuhakikisha bado upo!

Kesho Mama Keza atarudi tu, na jua ni lile lile. Naogopa...

Na mimi niliyemgombeza? Chupa yangu ya maji imerudi nyumbani imejaa, kama jana.